Stima inayosafiri: kutoka Ngomeni hadi kwenye gari langu la kulala

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Sikuugua, wala sijaacha kazi ya kuandika programu. Nilikuwa barabarani. Mwezi mzima nimezunguka na gari langu kati ya Kilifi na Ngomeni, nikilala humo humo, nikipika humo humo na kufanya kazi humo humo. Hivi ninavyoandika nimeegesha chini ya mwembe karibu na maji ya Mida, si mbali na Watamu. Kutoka hapa nilipo sioni nguzo hata moja ya stima. Hata hivyo laptopu inawaka, feni inazunguka, na ndani ya friji mna maji baridi na changu wawili niliowanunua asubuhi kwa wavuvi.

Kila ninaposimama, swali ni lile lile: "Stima unatoa wapi?" Nikionyesha paneli mbili juu ya paa, watu hutikisa kichwa kana kwamba wameelewa, nami huona nimejibu. Lakini sikuwa nimejibu. Paneli ni kipande kimoja tu. Nilipoanza kulitafuta jibu lote nikakuta limepita hapa hapa pwani kwetu, likapita Meru, likapita nyumbani kwa mjomba wangu nyuma ya Mambrui, na mwisho likanifikisha mahali ambapo sikutaka kufika. Basi leo tuweke msimbo kando, tuzungumze historia.

KWANZA, HESABU ZA GARI

Gari lenyewe ni Toyota HiAce iliyokuwa matatu. Nimeondoa viti, nimeweka kitanda, meza, jiko la gesi na tangi la maji. Kwa siku moja ya kawaida matumizi yangu ni haya:

- Laptopu: wati 60 kwa saa 7, yaani wati-saa 420
- Friji ndogo ya volti 12: takriban wati-saa 600 (joto la pwani mnalijua)
- Feni: wati 20 kwa saa 10, yaani wati-saa 200
- Taa: wati 10 kwa saa 5, yaani wati-saa 50
- Simu na kifaa cha intaneti: takriban wati-saa 150
- Pampu ya maji: takriban wati-saa 10

Jumla ni wati-saa 1,430. Paneli zangu ni wati 400. Nikichukulia saa 5 za jua kali na kuondoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya, napata wati-saa 1,500. Mnaona? Ziada ni wati-saa 70 tu. Ukiongeza birika la stima la wati 1,500 kwa dakika kumi tu, umetumia 250 na ziada yote imekwisha. Ndiyo maana chai yangu huchemka kwa gesi.

Siku za masika, hasa mwezi wa Mei, wingu linaweza kuninyima theluthi mbili za jua. Hapo naishi kwa akiba. Betri yangu ni ya lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 200, yaani wati-saa 2,560. Inanivusha siku mbili na kitu, kisha lazima niwashe injini au nijinyime friji.

Kwa ufupi, raha ya kuishi mbali na nyaya za stima haitoki kwenye ukubwa wa paneli. Inatoka kwenye kuhesabu. Mwandishi wa programu anayejua kuishi na kumbukumbu kidogo ya kompyuta atanielewa haraka. Na watu wa kwanza waliohesabu hivi katika pwani hii hawakuwa na magari ya kulala.

NYUMBA ZILIZOPAA KUTOKA NGOMENI

Ukifika Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tazama baharini. Utaona majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu yake majini. Ni ya Waitaliano, na yalijengwa chini ya mpango wa Profesa Luigi Broglio kwa ajili ya kurusha roketi karibu na ikweta. Jukwaa la kurushia linaitwa San Marco, na la kuongozea linaitwa Santa Rita. Yaliunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Kati ya tarehe 26 Aprili 1967 na tarehe 25 Machi 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout.

Mashuhuri kati ya zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Wengi hukumbuka nyota tu. Mimi nakumbuka stima. Uhuru ilikuwa na paneli nne za sola na betri. Ilizunguka dunia kwa takriban dakika 96, na kila mzunguko ikaingia kwenye kivuli cha dunia kwa zaidi ya nusu saa. Maana yake ni kwamba katika siku moja yetu, yenyewe ilipita usiku kama 15. Kila usiku iliishi kwa betri, na kila mchana ililipa deni na kujaza tena. Hakukuwa na fundi wa kupanda huko kubadilisha fyuzi, wala jirani wa kuazima waya. Kila kifaa ndani yake kilipimwa kwa wati kabla ya kuruhusiwa kupanda.

Na hesabu hiyo haikuwa mchezo. Setilaiti nyingine, SAS-2, ilirushwa kutoka Ngomeni tarehe 15 Novemba 1972 kuchunguza miale ya gama. Vifaa vyake vya kisayansi vilikuwa bado vizima ilipofika tarehe 8 Juni 1973, lakini kifaa cha kugawa stima ya volti ndogo kiliharibika. Kazi ikaishia hapo, miezi isiyotimia saba tangu kurushwa.

Wazo la kuweka paneli angani lilikuwa bado changa wakati huo. Seli ya sola ya silikoni iliyofanya kazi vizuri ilitangazwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa stima. Mwaka 1958 Wamarekani walirusha Vanguard 1 ikiwa na mitambo miwili ya redio, mmoja wa betri na mmoja wa sola. Ule wa betri ulinyamaza Juni mwaka huo huo. Ule wa sola ulisikika hadi Mei 1964. Ushahidi ukawa umepatikana, lakini bei ilikuwa ya serikali kubwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wati moja ya sola iligharimu karibu dola 100. Kampuni ya Elliot Berman, iliyopewa mtaji na Exxon, iliishusha hadi karibu dola 20, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye majukwaa ya mafuta baharini waliohitaji taa za onyo. Kumbe sola ilishuka kutoka angani ikatua kwanza juu ya maji.

KUTOKA ANGANI HADI MERU

Sasa tuache pwani kidogo, twende Meru, maana huko ndiko sola ilikoingia majumbani mwa Wakenya.

Mwaka 1984 Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya kujitolea na Peace Corps, alikuwa akiuza na kufunga mitambo ya sola katika maeneo ya Mlima Kenya. Mark Hankins, naye wa Peace Corps, alikuwa mwalimu katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi. Shule ilifikiria jenereta, na jenereta inakula mafuta, inapiga kelele, na fundi wake yuko mbali. Badala yake madarasa yakafungwa sola. Wanafunzi wakasoma usiku bila moshi wa taa ya kandili, na mafundi wa Kikenya wakafundishwa kazi.

Wazazi na walimu walioziona taa zile wakataka za kwao. Hapo ndipo kisa cha Kenya kinapotofautiana na nchi nyingi. Hapakuwa na mradi mkubwa wa serikali wa kugawa sola majumbani. Watu walinunua kwa pesa zao, wengi wao za chai, za kahawa na za mshahara wa ualimu, dukani, paneli moja ndogo, betri moja, taa mbili. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mitambo zaidi ya 200,000 ya majumbani ilikuwa imeuzwa.

Soko huria lina upande wake mbaya. Watafiti Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walipima paneli za bei nafuu zilizouzwa Kenya, na ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba baadhi ya chapa zilifanya kazi vizuri huku nyingine zikitoa nguvu pungufu sana kuliko zilivyoandikwa. Mnunuzi hakuwa na namna ya kujua. Kibandiko kilisema wati 12, naye akaamini. Hadi leo, paneli yoyote ninayonunua naipima kwa mita kabla ya kupanda nayo juu ya paa.

BETRI JUU YA BAISKELI

Nyumbani kwa mjomba hapakuwa na paneli. Palikuwa na betri tu, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa nyumba nyingi za Kenya zisizo na stima. Betri ya gari iliwekwa chini ya meza, ikaunganishwa na televisheni ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Ikiisha, mjomba aliifunga kwa mpira kwenye kerea ya baiskeli, akakanyaga pedali hadi Malindi kwenda kuichaji, akaiacha huko usiku kucha, kesho yake akairudia.

Tarehe 31 Mei 2002 nilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa Ijumaa, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, Senegal na Ufaransa, saa nane na nusu mchana kwa saa zetu. Nadhani kijiji kizima kilikuwa sebuleni, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa Alhamisi. Lakini usiku wa Alhamisi tulikuwa na wageni, taa ikawaka hadi usiku wa manane, na redio haikuzimwa.

Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga. Kelele zake bado ninazo masikioni. Kipindi cha pili, picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni. Wale waliowahi kutazama televisheni za betri wanalijua jambo hili: volti zikishuka, picha hujikunja taratibu, wachezaji wanakuwa wadogo, na uwanja unazungukwa na giza. Mtu akapendekeza izimwe ipumzike. Mjomba akakataa, leo si siku ya kupumzika. Tukaendelea kutazama Senegal wa ukubwa wa kiganja, mpaka skrini ikazima kabisa. Dakika za mwisho tulizisikia kwenye redio ya mawe, na Senegal wakashinda 1-0.

Kesho yake betri ilipopelekwa Malindi haikushika tena chaji. Mjomba alikaa miezi kabla ya kupata nyingine. Alipoipata alitukalisha watoto wote akatuambia, "Betri ni kama mtungi wenye mchanga chini. Usichote mpaka chini, utakunywa mchanga."

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilifundishwa jambo lile lile kwa maneno marefu. Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859. Ile ya gari ina bamba nyembamba, kwa sababu kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe mara moja. Ukiinyonya hadi mwisho, chembe za salfeti huganda kwenye bamba na nafasi ya kuhifadhi stima inapungua. Televisheni ya wati 20 huvuta karibu ampea 1.7. Betri mpya ya ampea-saa 50, ukitumia nusu yake tu, ingetupa karibu saa 15. Betri ya mjomba ilikuwa imestaafu kutoka kwenye teksi. Labda ilikuwa imebakiwa na ampea-saa 10, na nusu yake ililiwa na wageni.

Mwaka 2007 Arne Jacobson alichapisha utafiti mwingine kuhusu sola vijijini Kenya. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya stima ile ilikwenda kwenye televisheni, redio na kuchaji simu, wala si kwenye kazi za kuingiza pesa. Wapo watakaosema huo ni upotevu. Mimi nikikumbuka sebule ile siwezi kusema hivyo. Mjomba alikanyaga baiskeli zile kilomita zote kwa ajili ya raha ya watu wake. Mimi nami nimeegesha Mida na feni inanipuliza. Tofauti yetu ni vifaa tu.

GARI LINAPOKUWA KITUO CHA STIMA

Gari lenyewe ni kituo kidogo cha stima tangu zamani. Magari ya awali yalikuwa na dainamo, iliyotoa nguvu kidogo sana injini ikizunguka polepole. Katika miaka ya 1960 alternita ikachukua nafasi yake, na gari likaweza kuchaji betri hata likiwa kwenye foleni. Huko Ujerumani, Volkswagen ilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950, na mwaka 1951 Westfalia ikaanza kulitengenezea vifaa vya kulala na kupika. Tatizo lao la kwanza lilikuwa lile la mjomba: ukiwasha taa usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Suluhisho likawa betri mbili, moja ya injini na moja ya nyumba, na swichi kati yake inayoziunganisha injini ikiwa imewashwa na kuzitenganisha ikizimwa.

Hapa kwetu, shule ya stima za magari ilikuwa matatu. Baada ya Rais Kenyatta kuziruhusu rasmi mwaka 1973, zilishindana kwa abiria, na baadaye kwa muziki na taa. Amplifaya kubwa inavuta stima kuliko friji yangu. Fundi wa waya aliyetumia waya mwembamba aliunguza gari, na aliyesahau fyuzi hakuitwa tena. Sheria za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilipunguza mbwembwe hizo, lakini ujuzi ulibaki mikononi mwa mafundi. Nilipobandua ukuta wa ndani wa HiAce yangu nilikuta matundu ya spika na waya mnene wa shaba kutoka kwenye betri hadi nyuma. Waya ule ulikuwa mzima, umefungwa vizuri kuliko kazi yoyote ya kwangu. Nimeuacha, na ndio unaobeba stima ya alternita hadi kwenye betri ya nyumba hivi leo.

TAA NDOGO, SIMU NA LITHIAMU

Mambo matatu yalibadilisha hesabu za mjomba.

La kwanza ni taa za LED. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitengeneza LED ya buluu iliyofanya taa nyeupe iwezekane, wakapewa Nobel mwaka 2014. Taa iliyohitaji wati 40 za balbu ya zamani ikahitaji wati 5 au 6.

La pili ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu. Ndani ya kisanduku mna laini ya simu na programu ndogo inayofungua stima ukilipa na kuifunga usipolipa. Mimi kama mwandishi wa programu nilivutiwa sana na hilo, ingawa najiuliza mjomba angesema nini taa ikizimika na jua linawaka.

La tatu ni lithiamu. Betri ya ioni za lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony. Aina niliyo nayo, ya lithiamu, chuma na fosfeti, ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough katika miaka ya 1990. Unaweza kuitumia zaidi ya asilimia 80 ya akiba yake, mara maelfu, bila kuiua. Mchanga chini ya mtungi ni mchache sana.

Na sola yenyewe imekuwa kubwa. Huko Langobaya, bara ya Malindi, kituo cha sola cha megawati 52 kilianza kuuza stima kwenye gridi ya taifa mwishoni mwa 2021. Hiyo ni sawa na magari yangu 130,000 yakiwa yameegeshwa pamoja.

BETRI INAPOKUFA

Hapa ndipo mahali nilipowaambia sikutaka kufika.

Kabla ya lithiamu nilinunua betri mbili za risasi. Zilikaa chini ya miaka miwili. Joto liliziumiza, nami nilichota mpaka mchangani, nikijiambia nitajaza kesho. Zilipokufa, kijana mwenye mkokoteni alipita akitafuta vyuma vikuukuu. Alizipima kwa kilo, akanilipa, akaondoka nazo. Sikuuliza zinakwenda wapi. Nilifurahi tu kupata nafasi chini ya kitanda.

Baadaye nikasoma kuhusu Owino Uhuru. Ni mtaa wa Mombasa, wenye wakazi takriban 3,000. Kuanzia mwaka 2007 palikuwa na kiwanda kando yake kilichoyeyusha betri kuukuu kupata risasi. Moshi na vumbi lake viliingia majumbani, na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Alianza kupigania mtaa ule, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikiwa kinafunguliwa alikuwa na miaka 17.

Kiwanda kile kilikuwa kimefungwa zamani nilipouza betri zangu, kwa hiyo hazikwenda huko. Lakini zilikwenda mahali fulani. Kilo zaidi ya hamsini za risasi na asidi, kutoka kwenye gari ambalo nimekuwa nikiwasifia watu kwamba halina moshi wala kelele. Katika orodha yangu ya matumizi pale juu nilihesabu kila wati-saa. Hiyo sikuihesabu.

Jina limenisumbua pia. Uhuru ya kwanza, ile ya Ngomeni, ilibeba betri yake angani, na mwaka 1979 iliporudi kwenye anga la dunia iliungua yote. Kwetu sisi betri haiungui ikapotea. Inakwenda kwenye uwanja wa mtu, na mtu huyo ana watoto.

Sisemi muache sola. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena kwa usalama katika kiwanda chenye vichujio na wafanyakazi waliokingwa. Ninachosema ni kwamba hesabu iendelee mpaka siku ya mwisho ya betri. Mimi nimebadilisha mambo manne:

1. Betri kuukuu hairudi kwa mkokoteni. Wapo wauzaji wanaoipokea ukinunua mpya na kukupunguzia bei. Ukinunua, uliza swali hilo kabla ya kulipa, na uulize pia wao wanaipeleka wapi.
2. Siivunji wala simwagi asidi, na hakuna mtoto anayecheza karibu nayo.
3. Nimeandika programu ndogo inayosoma volti na ampea kila dakika na kuzima friji akiba ikifika asilimia 20. Betri inayoishi miaka kumi ni betri nne au tano ambazo hazikufa.
4. Lithiamu haina risasi, lakini nayo itakufa siku moja. Nimeandika tarehe niliyoinunua kwa kalamu ubavuni mwake, nisije nikajifanya sikumbuki.

Mwezi huu nilipopita nyuma ya Mambrui nililala uani kwa mjomba. Sasa ana stima ya gridi, na anailalamikia ikikatika kama sisi sote. Usiku ule ilikatika. Nikavuta waya kutoka kwenye gari hadi sebuleni, tukawasha taa na televisheni yake ya rangi. Alikaa akitazama taarifa ya habari mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: betri imebaki ngapi?

Nikamwambia asilimia 61.

"Zima," akasema. "Kesho unasafiri."

Haya, kwa leo niishie hapo. Jua linazama, na kuanzia sasa naishi kwa akiba. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaeleza jinsi programu ile ilivyoandikwa. Kwaherini.